Karatasi ya Mkate Chini ya Leso

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Kabla sijaona kitu, kabla sijasikia uchungu wa maana, nilisikia harufu kama ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye jagi. Nikamwangalia mtoto. Nikamfungua nepi, alikuwa safi. Nikamnusa shingo, nikanusa blanketi, nikanusa ndoo ya nguo chafu. Ilinichukua asubuhi nzima kukubali kwamba anayenuka ni mimi.

Nakuandikia wewe uliyepasuliwa tumbo, ukashonwa, ukapewa mtoto mkononi na kuambiwa uende nyumbani. Sitakueleza mambo ya vijidudu, hiyo si kazi yangu. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaolewa. Nitakueleza nilivyooza nikiwa hai, nani alinicheka, na kitu gani kingenisaidia kama mtu mmoja tu angesimama dakika mbili akanionyesha. Nina hasira mpaka leo. Wale wanaoniambia nisamehe yaishe, wasome mpaka mwisho halafu waniambie tena.

Nilijifungua mwezi wa nne. Mvua ilikuwa inanyesha Nakuru mpaka njia ya kwetu Free Area ikawa matope matupu. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, wakanipeleka theta, chumba cha upasuaji. Alitoka mvulana, mzima, analia kama mtu aliyekosewa. Kwetu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, kwa hivyo alikuwa Njuguna kabla sijamwona uso. Njuguna mwenyewe, baba mkwe wangu, tulikuwa tumemzika miaka miwili nyuma. Mama mkwe alipofika kutoka Ndabibi akamchukua mikononi, hakusema "mjukuu wangu." Alisema, "Mzee wangu, umerudi."

Ni desturi, nyanya wa kwetu huongea hivyo. Mzee wangu, mume wangu, baba watoto. Wodi nzima ilicheka, na mimi nikacheka. Sikujua hilo neno litakuja kunichoma.

Siku ya tatu tuliruhusiwa. Tulikuwa akina mama wanane kwenye korido, kila mmoja na mtoto na beseni lake, na sista mmoja mbele yetu akiongea haraka kama mtu wa mnada. Chanjo lini, kliniki lini, dawa mara ngapi. Mwisho akasema, "Na huo mshono uwe mkavu. Usiguswe na maji. Tumeelewana?"

Tukasema ndiyo kwa pamoja kama darasa la nasari. Mimi niliyekuwa nikiinua mkono shuleni kila mwalimu alipouliza nani hajaelewa, sikuinua. Mshono ulikuwa unavuta na nilitaka kukaa.

Uwe mkavu. Nilibeba hayo maneno mpaka nyumbani kama dawa.

Lazima nikueleze mama mkwe ni mtu gani, kwa sababu nitamsema vibaya baadaye na sitaki udhani ni mjinga. Alilea watoto sita kwa kabeji na ng'ombe wawili. Wote sita alizaa kwa njia ya kawaida. Kuhusu mwanamke aliyetoka kuzaa aliamini mambo mawili na hakuna mtu angemtoa hapo: aoge maji moto asubuhi na jioni, na tumbo lifungwe kwa leso, likazwe, lisije likabaki limening'inia. Tumbo lililoshonwa hakuwa amewahi kuliona na macho.

Sasa maji na ukavu havipatani. Tukakaa kitandani, yeye na mimi, tukafikiria. Yeye ndiye aliyeleta karatasi ya mkate, ile ya nailoni. Aliiosha, akaifuta, akaikata kwa makasi, akailaza juu ya mshono wangu vizuri kabisa. Halafu leso juu, akaikaza.

"Hapo hata uogelee ziwani," akasema.

Nilicheka nikajishika tumbo, kwa sababu kucheka kulivuta nyuzi. Nataka ujue kwamba nilicheka. Hakuna mtu alinilazimisha. Leso ile nilishika ncha moja mimi mwenyewe, naye akavuta nyingine.

Siku nne nilikaa hivyo. Uji wa wimbi, maji moto, blanketi mbili, na chini ya ile nailoni ngozi yangu ikitoka jasho mchana kutwa. Kila tulipobadilisha leso tulihakikisha karatasi haisogei. Hatukufungua kuangalia, kwa sababu tuliambiwa mshono usiguswe. Tulikuwa watiifu sana.

Siku ya saba ikaja ile harufu.

Hospitali sitaitaja. Ukiwa wa Nakuru utakisia, na ukikisia vibaya si neno, benchi ni lile lile. Nilikaa kwenye hilo benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, Njuguna kifuani, mama mkwe kando yangu na flaski ya uji. Watu walikuwa wakikaa karibu na mimi, halafu wanasogea.  Mzee mmoja alifungua dirisha. Nilijaribu kumnyonyesha mtoto huku nimebana mapaja na kuinama, kana kwamba harufu inaweza kukaliwa.

Tulipoingia, daktari alikuwa na wanafunzi sita wa unesi. Wakanilaza. Mmoja akafungua leso, akaona nailoni, akasimama. Karatasi ilikuwa imeshika. Alipoivuta ilitoka na ngozi, na rangi ya maandishi ya mkate ilikuwa imebaki tumboni mwangu, herufi zimegeuka nyuma mbele.

"Aiii, mathe," akasema kijana mmoja wa nyuma, "umejibebea lunch?"

Wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Daktari hakucheka, wala hakuwakataza. Alibonyeza kando ya mshono kwa vidole viwili na kitu cha joto kikanitiririka mpaka kiunoni. Mshono ulikuwa umeachana katikati, nusu yake wazi kama mfuko ulioraruka. Wakaanza kuongea Kiingereza juu ya tumbo langu kama watu wanaonunua ng'ombe. Mmoja alitaja neno hili, mwingine akamsahihisha kwa neno lile, daktari akauliza lingine, halafu msichana mfupi akajibu sawasawa akasifiwa. Mimi nilikuwa hapo nikiangalia taa. Hakuna mtu aliyeniambia hata moja la yale maneno lilikuwa linasema nini kuhusu mimi.

Halafu daktari akaandika kwenye faili. Kusoma maandishi kichwa chini nilijifunza nikiwa napeleka daftari kwa mwalimu. Aliandika kwamba mgonjwa hafuati maagizo.

Mimi! Niliyefuata agizo mpaka nikajifunga nailoni!

 Uchungu wa kutosema ulikuwa mkubwa kuliko wa kidonda, na ulikaa muda mrefu zaidi.

Wakanilaza wodi ya upasuaji, na kwa kuwa ilikuwa na watu wenye vidonda vya kila aina, mtoto hakuruhusiwa. Mama mkwe alisimama mlangoni amembeba Njuguna mgongoni. Alikuwa na siku saba duniani. Sista msimamizi wa zamu, mama mnene mwenye miwani, aliniambia wazi, "Tumbo likishikana, utabeba mtoto. Kabla ya hapo hapana. Hata birika la chai usiinue."

"Siku ngapi?"

"Inategemea."

Hilo ndilo jibu nililopewa na kila mtu kwa wiki tano. Inategemea. Na mtoto akaenda Ndabibi na nyanya yake, kwa maziwa ya kopo.

Maziwa yangu hayakujua kwamba mtoto ameenda. Saa ya kunyonya ikifika yalikuwa yanashuka, gauni linaloa mbele, na mimi nakwenda chooni kwa hatua za bibi kizee, mkono mmoja tumboni, nakamua kwenye kikombe cha plastiki. Nilijiwekea lengo moja, na nilikuwa sina lingine: hili tumbo lifunge kabla maziwa hayajakauka. Nikamue kila saa ya kunyonya, nisiruke hata moja, ili Njuguna akirudi akute titi lake. Wodi haikuwa na friji ya mgonjwa. Nilikuwa nikikamua, nakiangalia kikombe, halafu namwaga kwenye sinki. Kila siku, mara sita, saba. Maziwa meupe mazito yanazunguka yanaingia kwenye shimo. Kama umewahi kumwaga chakula cha mtoto wako huku mtoto yuko mahali analishwa na mtu mwingine, hatuhitaji kueleza mengi, mimi na wewe.

Kitanda cha jirani alikuwa Mama Otis, wa mguu wa sukari, mjukuu wa mtu wa reli, amezaliwa na kuzeekea Nakuru. Alikuwa amekatwa vidole viwili na alivihesabu kwa mzaha kila asubuhi. "Nane wako present," alikuwa akisema. "Wengine wawili wamehama bila kuaga."

Siku ya dresing, ambayo ilikuwa kila siku, nilikuwa nageuza uso ukutani. Wanatoa shashi iliyojazwa ndani ya shimo, na shashi ikikauka inashika nyama, ikivutwa unaiona mbingu. Sikutaka kuona. Mama Otis ndiye alinisema.

"Wewe mtoto, unaogopa tumbo lako mwenyewe?"

"Sitaki kuliona."

"Basi nani ataliona? Hao wanafunzi wako na mtihani, wakishapita hawakumbuki hata jina lako." Akatoa kwenye pochi kioo cha poda, kilichopasuka pembeni. "Shika. Kagua shamba lako."

Kesho yake dresing ilifanywa na yule msichana mfupi aliyekuwa amejibu sawasawa. Chepkoech, mwaka wa tatu, kutoka upande wa Molo. Alikuwa na daftari dogo la mfukoni lenye maneno ya vidonda, kurasa na kurasa, kwa maana walikuwa wanafanya mtihani wa hayo maneno. Nilikiweka kioo cha Mama Otis juu ya paja, nikakielekeza, nikaona.

Sitakudanganya. Nilidhani nitaona mshono uliofunguka kidogo. Niliona shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia. Kando moja ni nyeusi kama ngozi ya kiatu, chini ni njano, kitu kimegandama kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nikatapika kwenye beseni la vifaa, na Chepkoech akaanza upya na vifaa vingine bila kulalamika.

Nilipomaliza kutapika nikamwambia, kwa ubaya, kwa sababu nilikuwa na ubaya mwingi wa kugawa, "Siku ile mlikuwa mnasema nini juu yangu? Mlikuwa mnataja majina. Nipe hayo majina. Ni tumbo langu, si daftari lako."

 Nikadhani ataripoti. Akavuta kiti.

"Sawa mum. Tunaenda na rangi. Hii nyeusi ni nyama iliyokufa, hairudi, lazima itoke. Hii ya njano ni uchafu wa kidonda, sisi tunaita slafu. Si usaha, lakini ikikaa nyama haioti, kwa hivyo tunaiondoa pole pole. Tunatafuta nyekundu. Nyekundu yenye punje punje, kama tunda damu ukilikata katikati. Ukiona hiyo ujue nyama mpya inajengwa kutoka chini. Mwisho kabisa ni rangi ya waridi hapa ukingoni. Hiyo ni ngozi inatembea."

"Inatembea wapi?"

"Inatafuta ng'ambo."

Akachukua kijiti cha pamba akakisimamisha ndani ya shimo, akakiweka kando ya rula ya karatasi. Sentimita nne na nusu kwenda chini. Upande wa kushoto kijiti kiliingia chini ya ngozi nzima, mahali pasipoonekana. "Hapa kuna handaki," akasema. "Hili ndilo adui. Juu inaweza kufunga na handaki libaki, halafu unarudi hapa tena."

"Na ule ukavu?" nikauliza. "Mshono uwe mkavu. Maana yake nini?"

Chepkoech alifunga daftari. "Maana yake maji yasikae hapo. Unaoga, unaosha kwa maji safi na sabuni, unafuta kwa kitambaa safi, unaacha hewa ipite. Ukifunga nailoni unakuwa umefunga jasho."

Ni hayo tu. Sekunde ngapi hizo? Hesabu. Soma tena uhesabu. Hizo ndizo zilikosekana pale kwenye korido, na kwa ajili ya hizo nilitoa wiki tano kitandani.

Mume wangu Kimani ni fundi wa pikipiki. Mikono yake inaweza kufungua injini yoyote, lakini tumbo langu hakuweza kuliangalia. Alikuwa anakuja jioni, anakaa mwisho wa kitanda, anaangalia simu. Wiki ya tatu akaniambia, kama mtu anayeleta habari njema kutoka kwa mama yake, "Mathe anasema kijana amezoea chupa. Amenenepa. Anacheka."

"Anacheka na nani?"

"Na watu."

"Watu gani, Kimani?"

"Na mathe. Wambui, si ni poa? Si ungetaka akonde?"

Nilimrushia kikombe cha kukamulia. Kilikuwa tupu, bahati yake. Mama Otis alisema kutoka chini ya shuka, "Ongeza cha pili, huyo hajasikia." Kimani akatoka. Akarudi baada ya siku tatu na picha kwenye simu: Njuguna juu ya goti la nyanya yake, mashavu yamejaa, anamwangalia yeye, si kamera. Niliomba anitumie. Sikuifungua tena.

Mama mkwe alimleta mara moja, mwezi wa tano ukielekea mwisho. Wodini hakuruhusiwa, kwa hivyo mimi nikashuka mpaka kwenye benchi la nje karibu na geti, nikisimama kila hatua kumi. Mtoto alikuwa analala. Nikanyoosha mikono.

"Usimwamshe mzee wangu, ametoka mbali," akasema mama mkwe. Alisema kwa upole. Hakuwa na nia mbaya, najua sasa, lakini pale gauni langu lilikuwa linaloa mbele ya walinzi na mtoto wangu alikuwa kwenye mgongo wa mtu mwingine ambaye ananiambia nisimguse.

"Wewe ndiye uliniozesha tumbo," nikamwambia. "Wewe na leso yako."

Uso wake ulikauka. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyesafiri kutoka Ndabibi na mtoto mgongoni na kabeji mbili kwenye mfuko za kumpelekea sista. Alisimama akafunga kanga vizuri.

"Sista alisema kavu," akanijibu. "Mimi nilisikia kavu. Wewe uliyesoma ulisikia nini?"

Akaenda. Zile kabeji aliziacha kwenye benchi.

Hatukuongea wiki nyingi. Kila nilipokamua niliyarudia maneno yake, na kilichoniumiza ni kwamba yalikuwa kweli.

Mwezi wa sita nilirudi Free Area na shimo la sentimita mbili, kliniki ya dresing kila baada ya siku moja. Ndiyo ile miezi ya baridi ya Nakuru, asubuhi unapumua moshi. Sikutakiwa kubeba, kufua, kuinama, kwa hivyo Njuguna akabaki Ndabibi. Kimani alijifunza kuosha nguo na, mwishowe, kuangalia. Siku ya kwanza alipoangalia alikaa chini jikoni akashika kichwa. Siku ya tatu alinishikia kioo. Hakuomba msamaha, ila alikuwa ananipigia kila saa ya kunyonya akiwa gereji. "Umekamua?" Kelele za pikipiki nyuma yake. "Wambui, umekamua?" Maziwa yalikuwa yameanza kupungua. Titi la kulia lilikuwa limekata kabisa. La kushoto lilitoa robo kikombe, halafu vijiko vitatu. Na lile handaki la kushoto halikutaka kufunga. Sentimita moja na nusu, wiki. Sentimita moja na nusu, wiki nyingine. Nilikuwa nashindana na mwili wangu mwenyewe, huku unafunga pale ninapotaka ubaki wazi, na kule unabaki wazi pale ninapotaka ufunge.

Mwezi wa saba daktari yule yule alipita kliniki na wanafunzi wapya. Nikalazwa kitandani. Akauliza nani ataeleza kidonda hiki.  Wanafunzi wakaangalia viatu vyao.

"Nitaeleza mimi," nikasema.

Nikakitoa kioo cha Mama Otis, ambaye alikuwa ametangulia kwenda nyumbani na vidole vyake vinane, na nikaeleza. Urefu, kina, chini yote nyekundu yenye punje, hakuna nyeusi, hakuna slafu, ukingo wa waridi unatembea, handaki upande wa kushoto nusu sentimita, majimaji kidogo yasiyo na harufu. Mwanafunzi mmoja alikuwa anaandika. Nilipomaliza nikamwambia daktari, "Na kwenye faili mliandika sifuati maagizo. Nilifuata. Agizo lilikuwa uwe mkavu. Hamkunionyesha. Futa."

"Faili haifutwi, mama," akasema. Si kwa dharau. Alikuwa amechoka.

"Basi ongezeni."

Akaangalia saa, akapita kitanda kinachofuata. Aliyeongeza ni yule sista wa miwani. Baada ya wote kuondoka alivuta faili akaandika mstari mmoja chini ya ule: mgonjwa aliambiwa, hakuonyeshwa. Akatia sahihi yake. Ule wa juu bado upo. Najua, kwa sababu niliomba kuona.

Kwa hivyo wewe, kabla hujatoka hapo, kataa kwenda. Mwambie sista akuonyeshe kwa mikono, na aliyekuja kukuchukua awe amesimama hapo anaona. Uliza utaoga vipi. Uliza kuhusu kila kitu kitakachowekwa chini ya leso. Wakikuona msumbufu, waache wakuone msumbufu. Na ukisikia harufu usingoje siku ya kliniki.

Tumbo lilifunga mwezi wa nane. Chepkoech, aliyekuwa karibu kumaliza chuo, aliweka kijiti na hakikuingia popote. Akasema, "Mum, hakuna mahali pa kupima." Tulilia kidogo, kila mtu na sababu zake. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimekamua matone. Hayakufunika chini ya kikombe.

Kesho yake nilifika Ndabibi saa nne. Mama mkwe alikuwa uani, mtoto mgongoni, anachagua maharagwe. Njuguna alikuwa na miezi minne. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia muuzaji aliyeingia boma. Nikamwita. Akaficha uso kwenye mgongo wa nyanya yake, akaanza kulia.

"Mzee wangu hapendi sauti ya juu," akasema mama mkwe.

"Si mzee wako. Ni mtoto wangu."

Aliweka ungo chini. Nilikuwa tayari kwa vita, nilikuwa nimejiandaa tangu geti la hospitali. Akasema tu, "Nionyeshe."

Nikainua blauzi. Akasogea, akainama, akaangalia kovu lote, ule mstari wa kwanza mwembamba, na pale katikati palipozama na kung'aa kama nta. Hakuligusa.

"Na mimi nilikukaza," akasema.

"Nilishika ncha nyingine, mama."

Akafungua kanga yake mwenyewe. Akamtoa mtoto mgongoni, anapiga kelele, anamng'ang'ania shingo, akamtoa kidole kimoja kimoja, akaniwekea mikononi. "Shika hapa chini, ni mzito." Alinifungashia chupa zake, kopo la maziwa, kofia aliyomfuma. Aliniletea na ile leso, imeoshwa na kukunjwa. Hiyo nilimwachia.

Siku tatu nilimpa titi. Nilimpa akiwa na njaa, akiwa na usingizi, nilipaka maziwa ya chupa kwenye chuchu. Alikuwa anageuza kichwa, anasukuma kwa ngumi, analia akimtafuta mtu mlangoni. Siku ya nne sikumpa tena. Nilichemsha maji ya chupa, nikapima vijiko, akanyonya yote akiniangalia kwa shaka.

Alasiri hiyo alikataa kulala kitandani na akakataa mikono yangu. Nilikuwa nimechoka mpaka sina hasira. Nikalala chali, nikamlaza juu ya tumbo langu, juu kabisa ya kovu, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kumweka. Alilia, akapiga mateke. Kisigino chake kikachimba pale palipozama, kikachimba tena. Nikashika pumzi nikingoja nisikie joto likitiririka kiunoni. Halikuja. Alipunguza kulia, akalia kidogo tu, akageuza shavu, akalala na uzito wake wote.

Sikusogea. Mguu ulikufa ganzi, mkono ukafa ganzi, mvua ikaanza kwenye mabati na nguo zilikuwa kwenye kamba. Kimani aliita kutoka nje, "Wambui, anua nguo!" Nikaziacha. Chini ya mtoto ngozi yangu ilikuwa kavu.